Shajara ya mradi wa kufuatilia fangasi sugu kwa dawa hospitalini, Moshi

Januari, wiki ya pili

Mradi umeanza rasmi baada ya kibali cha maadili kutolewa na baada ya wakuu wa idara kukubali kwamba kila chachu, yaani fangasi wa seli moja moja, itakayoota kutoka kwenye damu, majimaji ya uti wa mgongo na sehemu nyingine za mwili zisizopaswa kuwa na vimelea, itafuatwa hadi ijulikane ni ya spishi gani na inasikia dawa zipi, yaani dawa zipi zinaizuia. Hospitali yetu ya rufaa hupokea wagonjwa kutoka Rombo, Hai, Siha, Mwanga na Same, na wengine hutoka Arusha na Manyara wakiwa wameshapitia vituo kadhaa na kutumia dawa za aina nyingi, kwa hiyo mgonjwa anayefika wodini huwa na historia ndefu ya matibabu ambayo barua ya rufaa haiielezi yote.

Tumeanza na wodi nne: ya wagonjwa mahututi, ya watoto wachanga, ya upasuaji na ya saratani. Humo ndimo mnamokutana mambo yanayoipa Candida, jamii ya chachu tunayoifuatilia zaidi, nafasi ya kuingia kwenye damu, yaani katheta (mirija laini) za mishipa mikubwa zinazokaa siku nyingi, antibayotiki kali zinazoua bakteria wa kawaida wa tumboni, upasuaji wa utumbo, watoto waliozaliwa njiti, na kinga iliyoshushwa na tiba ya saratani.

Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya fangasi wanaostahili kipaumbele katika utafiti na afya ya jamii. Orodha ina vimelea 19, na kundi la juu kabisa lina wanne: Cryptococcus neoformans, Candida auris, Aspergillus fumigatus na Candida albicans. Wote wanne wanatuhusu. Tanzania imo katika mpango wake wa pili wa taifa wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa, UVIDA, wa mwaka 2023 hadi 2028, lakini anayefanya kazi maabara anajua kwamba mazoea yetu ya kila siku yamejengwa juu ya bakteria, na fangasi amekuwa akishughulikiwa muda ukibaki.

Hapa Moshi tuna sababu ya karibu zaidi ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Kati ya 2007 na 2008 watafiti walifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa na homa kali katika hospitali mbili za mji huu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Wagonjwa 528 waliandikiwa kuwa wana malaria. Waliothibitika kuwa homa yao ilitokana na malaria walikuwa 14 tu. Katika wagonjwa haohao, 25 walikuwa na fangasi ndani ya damu. Nimebandika takwimu hizo ukutani juu ya meza ya usajili wa sampuli, kwa sababu zinaeleza kuliko hotuba yoyote kwa nini ni lazima tutafute ugonjwa kabla ya kuupa jina.

Januari, mwisho wa mwezi

Tumepitia madaftari ya zamani ya maabara ili kujua tunaanzia wapi. Mahali pengi majibu ya damu iliyoota fangasi yameishia kwenye maneno "seli za chachu zimeonekana", bila spishi na bila kipimo cha usikivu wa dawa. Siwalaumu walioandika, walikuwa na vifaa vichache na wagonjwa wengi, na daktari aliyepokea jibu hilo alianzisha flukonazoli kwa sababu ndiyo dawa ya fangasi iliyokuwepo. Hata hivyo jibu la namna hiyo linaficha jambo zito. Pichia kudriavzevii, ambayo wengi wetu tuliisoma kwa jina la Candida krusei, kwa asili yake haisikii flukonazoli hata kidogo, ilhali Candida albicans kwa kawaida huisikia vizuri. Zote mbili ni chachu, na chini ya hadubini ya haraka haraka zinaweza kuandikwa kwa maneno yaleyale.

Tumekubaliana kwamba kuanzia Februari hakuna jibu la damu litakalotoka maabara likiwa na neno chachu peke yake. Jibu la awali litapigwa kwa simu wodini mara tu hadubini itakapoonyesha seli, kwa kuwa mgonjwa hawezi kungoja, lakini daftari litabaki wazi hadi spishi ijulikane.

Februari

Mwezi huu wote tumekuwa kwenye chupa za damu, na naona kwamba hapa ndipo mradi utakapofaulu au kushindwa.

Mashine ya kuotesha damu haiwezi kuotesha kisichokuwemo ndani ya chupa. Kwa mtu mzima tunahitaji mililita 8 hadi 10 katika kila chupa, kwa sababu Candida huwa chache sana kwenye damu, na hata kazi ikifanyika kwa usahihi wote kuotesha damu hugundua takriban nusu tu ya wagonjwa walio na maambukizi ya ndani ya Candida. Chupa ikija na mililita 2, nusu hiyo inapungua tena. Tumeanza kupima uzito wa chupa tupu kabla hazijapelekwa wodini, tukaandika uzito huo kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye lebo, na chupa inaporudi tunaipima tena. Mililita moja ya damu ina uzito wa gramu moja na kidogo, kwa hiyo tofauti ya mizani inatueleza papo hapo kiasi kilichoingia. Chupa nyingi za wiki ya kwanza zilikuwa nyepesi mno. Tulipeleka karatasi ya vipimo hivyo kwa kila muuguzi kiongozi bila kumtaja mtu, na wiki zilizofuata chupa zilianza kuongezeka uzito.

Wodi ya watoto wachanga inahitaji utaratibu wake. Nilipokwenda kueleza habari ya mililita 8, muuguzi mmoja mwenye miaka mingi kazini alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanionyesha mtoto aliyekuwa ndani ya kitotoleo na kuniuliza: "Kaka, huyu mwili wake wote una damu kiasi gani, hata nimtoe hiyo unayoitaka?" Alikuwa na haki kabisa. Kwa watoto tunatumia chupa maalumu za damu kidogo, na kwa wachanga wa uzito mdogo tunapokea mililita moja, mradi ichukuliwe kwenye mshipa uliosafishwa vizuri, ngozi ikaachwa ikauke dawa kabla ya sindano kuingia. Kwenye fomu ya wodi hiyo tumeongeza sehemu ya uzito wa mtoto, umri wa mimba alipozaliwa, na siku ngapi katheta imekaa.

Jambo la pili lililochukua muda ni mpangilio wa matukio. Mara nyingi damu huchukuliwa baada ya dawa kuanza, na kwa fangasi hali huwa mbaya zaidi kwa sababu mgonjwa huanzishiwa flukonazoli kwa kubahatisha siku ya nne au ya tano ya homa isiyoshuka, ndipo mtu akumbuke kuomba kuotesha damu. Daktari bingwa wa wodi ya mahututi amekubali kuweka sharti kwamba dozi ya kwanza ya dawa yoyote ya fangasi itolewe na famasia ikiwa tu fomu inaonyesha saa ambayo damu ilichukuliwa. Hali ya mgonjwa ikiwa ya hatari, damu na dozi vinakwenda kwa pamoja, wala hakuna anayenyimwa dawa kwa ajili ya fomu.

Machi

Kazi ya maabara imetulia. Nitaeleza hatua zetu kwa kirefu kidogo, kwa kuwa wenzetu wa hospitali za wilaya wameuliza kama wanaweza kufanya hivi bila mashine ya gharama kubwa inayotambua vimelea kwa uzito wa protini zao, mashine ambayo sisi wenyewe hatuna.

Chupa inapotoa ishara, tunachukua tone, tunapaka kwenye kioo, tunatia rangi ya Gramu na kuangalia. Tukiona chachu tunapanda kwenye agari (chakula kigumu cha kuoteshea vimelea) ya Sabouraud na kwenye agari yenye rangi, ambayo huyapa makoloni ya spishi mbalimbali rangi tofauti: Candida albicans huja kijani, Candida tropicalis bluu iliyoiva, Pichia kudriavzevii waridi iliyofifia, na koloni lake huwa kavu, lenye kingo kama unyoya. Wakati huohuo tunaweka chembe ya koloni kwenye seramu ya damu na kuiacha katika joto la nyuzi 37 kwa saa mbili hadi tatu. Seli zikichomoza mirija midogo isiyobanwa shingoni, karibu kila mara tunashughulika na Candida albicans. Kipimo hicho ni cha bei ndogo kiasi kwamba hakuna hospitali yenye hadubini na inkubeta inayoweza kusema haikimudu.

Zile zisizotoa mirija ndizo tunazozipa muda. Tunazipanda kwenye agari ya unga wa mahindi kuona kama zinatengeneza nyuzinyuzi za seli, na tunaziweka katika joto la nyuzi 42 kuona kama zitaota. Hatua hiyo ya mwisho tumeiweka kwa ajili ya Candida auris, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza na watafiti wa Japani mwaka 2009 na ambayo tangu hapo imeonekana katika mabara yote yanayokaliwa na watu. Huota vizuri kwenye joto hilo. Si yenyewe peke yake inayofanya hivyo, na kwa hiyo kuota kwenye nyuzi 42 hakuthibitishi kitu. Kunatuambia tu tusilifunge daftari. Mifumo ya zamani ya utambuzi wa kibiokemia imewahi kuichanganya na Candida haemulonii na hata na Rhodotorula, na hiyo ndiyo sababu mojawapo ya hospitali nyingi duniani kukaa nayo bila kujua.

Nairobi si mbali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu wagonjwa wa hospitali moja ya jiji hilo, waliotibiwa kati ya 2010 na 2016, ulikuta kwamba katika maambukizi ya Candida kwenye damu Candida auris ndiyo iliyoongoza kuliko spishi nyingine zote. Kila siku mabasi na magari ya wagonjwa hupita Namanga na Holili, na familia nyingi za hapa zina ndugu waliotibiwa ng'ambo ya mpaka. Ninapoulizwa kwa nini tunahangaika na kimelea ambacho bado hatujakiona, hilo ndilo jibu ninalotoa.

Usikivu wa dawa tunaupima kwa diski, yaani vipande vidogo vya karatasi vyenye dawa, kwenye agari ya Mueller-Hinton iliyoongezwa glukosi asilimia 2 na rangi ya bluu ya methilini, tukitumia diski ya flukonazoli yenye mikrogramu 25 na diski ya vorikonazoli. Mchanganyiko wa seli husawazishwa na kipimo cha 0.5 cha McFarland, kipimo cha wingi wa seli kwa ukungu wa majimaji, na pleti husomwa baada ya saa 20 hadi 24. Kwa Candida albicans, duara lisilo na uotaji kuzunguka diski likiwa la milimita 17 au zaidi linaonyesha kwamba flukonazoli itafanya kazi. Milimita 13 au pungufu ni usugu. Katikati ya hapo kipimo cha dawa kwa mgonjwa lazima kiongezwe.

Kusoma pleti ya chachu kunahitaji mafunzo ya macho. Duara la bakteria huwa na ukingo uliokatwa, wakati la chachu mara nyingi lina ukungu mwembamba wa makoloni madogo unaoendelea kuelekea kwenye diski, na mtu aliyezoea bakteria ataupima ukungu huo kama uotaji kamili, aandike usugu pasipo na usugu. Kinachotafutwa ni mahali ambapo uotaji unapungua ghafla. Tumeweka pleti mbili mezani, moja yenye ukungu wa aina hiyo na nyingine yenye usugu wa kweli, na kila mteknolojia amezisoma bila kuona jibu la mwenzake, tukarudia hadi vipimo vyetu vikakaribiana. Kila wiki tunapima pia vimelea vya rejea ambavyo jibu lake linafahamika, na wiki ambayo vimelea hivyo havikutoa jibu lake, majibu ya wagonjwa ya wiki hiyo hayatoki.

Aprili

Masika imekuwa kali na umeme umekatika mara kwa mara. Jenereta imebeba inkubeta na friza, lakini tumejifunza kuzigawa diski katika mikebe midogo yenye vikaushio, ili friji ikipoteza ubaridi zisiharibike zote pamoja. Kila mkebe unaachwa ufikie joto la chumba kabla ya kufunguliwa, vinginevyo umande huingia na kuilowesha dawa. Sampuli kutoka wodini hazikupungua.

Mei

Katikati ya mwezi tulipata kimelea kilichotufanya tusilale vizuri. Kilitoka kwenye damu ya mgonjwa wa upasuaji wa utumbo aliyekaa mahututi kwa muda mrefu: koloni laini lenye rangi ya waridi iliyokoza kuelekea zambarau, hakuna mirija kwenye seramu, hakuna nyuzinyuzi kwenye agari ya unga wa mahindi, kimeota kwenye joto la nyuzi 42, na diski ya flukonazoli imezungukwa na uotaji hadi kwenye ukingo wake bila duara lolote. Kwa dalili hizo hatukuweza kuiondoa Candida auris kwenye orodha. Tulikituma kwenye maabara ya rejea kwa uthibitisho wa vinasaba, na siku hiyohiyo tukaitisha kamati ya kinga na udhibiti wa maambukizi bila kungoja jibu.

Sababu ya kutongoja ni tabia ya kimelea chenyewe. Candida nyingine nyingi hutoka tumboni mwa mgonjwa mwenyewe, lakini auris hukaa kwenye ngozi kwa miezi, humwagika kwenye shuka, reli za kitanda, kamba za mashine na mkanda wa kupimia shinikizo la damu, na huishi hapo kwa wiki kadhaa ikimngoja mgonjwa atakayefuata. Aidha, baadhi ya dawa za usafi zinazotumika sana hospitalini, hasa zile zenye chumvi za amonia, haziiui kwa uhakika. Klorini huiua.

Mgonjwa alihamishiwa chumba cha peke yake, akapewa kipimajoto chake, mkanda wake wa shinikizo na muuguzi wake kwa kila zamu. Ndugu zake walielezwa kwa lugha ya wazi kwamba tahadhari hizo hazimaanishi ametengwa kwa kosa, na kwamba wao wakinawa mikono na kuvaa kama walivyoelekezwa wanaweza kumwona. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walichukuliwa sampuli kwa pamba kwapani na kwenye kinena.

Usafi niliufuatilia mwenyewe. Mama anayesafisha wodi hiyo alikuwa akimimina Jik kwenye ndoo kwa kukadiria, kama tunavyofanya sote nyumbani. Nilimsalimu, nikamweleza tunachokitafuta, na yeye ndiye aliyeuliza swali lililo sahihi: "Sasa mwanangu, nikiweka nyingi zaidi si ndiyo inaua zaidi?" Nikamjibu kwamba nyingi mno inamuumiza yeye kifua na inakula vyuma vya vitanda, ndogo mno haiui, na kwamba klorini ikimwagwa juu ya uchafu inaishia kwenye uchafu huo kabla haijafika kwa kimelea. Jik ya hapa kwetu ikiwa ya asilimia 3.5, sehemu moja kwa sehemu sita za maji inatoa asilimia 0.5 inayotakiwa. Tumeweka alama mbili za rangi ndani ya ndoo, ya maji na ya Jik, ili asihitaji kupiga hesabu, na utaratibu sasa ni sabuni na maji kwanza, kisha klorini, na kuiacha uso ukiwa umelowa kwa dakika kumi kabla ya kufuta. Mchanganyiko hutengenezwa kila asubuhi na kuwekwa mbali na jua. Yeye sasa ndiye anayewafundisha wenzake wa zamu ya usiku, na jina la nafasi yake limeingizwa kwenye orodha ya wajumbe wa kamati, jambo ambalo kwa maoni yangu lilichelewa.

Juni

Jibu la maabara ya rejea limefika: Nakaseomyces glabrata, ile iliyokuwa ikiitwa Candida glabrata, yenye usugu kamili kwa flukonazoli. Sampuli za majirani wa mgonjwa hazikuota kitu cha kutia shaka. Mgonjwa alikuwa ameshabadilishiwa dawa na kupewa amfoterisini B tangu diski iliposomwa, katheta yake ikatolewa, na damu yake iliyooteshwa baadaye haikuota tena.

Kuna waliosema kamati iliitishwa bure. Sikubaliani nao. Glabrata yenyewe imo kwenye kundi la pili la orodha ya 2022, na ingeandikwa "chachu" mgonjwa huyu angeendelea na flukonazoli isiyomsaidia huku figo na maini yake yakifuatiliwa kwa bidii kana kwamba tatizo liko huko.

Kikao cha mwezi huu na famasia kimekuwa kirefu kuliko vyote. Kwa Candida ya kwenye damu, miongozo ya kimataifa huweka mbele dawa za kundi la ekinokandini, kama mikafungini, lakini kwetu hazipatikani kwa kawaida. Tulichonacho ni flukonazoli na, kwa kubahatika, amfoterisini B, ambayo aina yake ya zamani huumiza figo na kushusha potasiamu, kwa hiyo humlazimu daktari kuomba vipimo vya damu mara kwa mara. Katika hali hiyo flukonazoli ni ya thamani mno kwetu kuliko ilivyo kwa hospitali yenye chaguo pana. Tumeomba famasia ituandalie kila mwezi hesabu ya flukonazoli iliyotolewa kwa kila wodi, tuiweke kando ya hesabu ya usugu wa wodi hiyohiyo. Suala la vidonge vinavyonunuliwa madukani bila cheti, kwa ajili ya fangasi wa ukeni au wa ngozi, haliwezi kutatuliwa na mradi huu, lakini fomu yetu sasa inauliza mgonjwa alitumia nini kabla ya kuja, na majibu yanaonyesha kwamba swali hilo lilistahili kuulizwa mapema.

Cryptococcus, chachu inayosababisha homa ya uti wa mgongo, tumeiweka kwenye daftari lake. Wagonjwa wake wengi ni wanaoishi na VVU ambao kinga imeshuka sana, na kwao flukonazoli peke yake ni tiba dhaifu: ndani ya koloni moja huwemo seli chache zinazostahimili dawa, na dawa ikiwa moja tu, hizo hubaki, zikaongezeka, ugonjwa ukarudi. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2018, ambao Tanzania ilishiriki pamoja na Malawi, Zambia na Kameruni, ulionyesha ubora wa kuunganisha amfoterisini B na flusitosini, na tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza dozi moja kubwa ya amfoterisini B ya liposomu (iliyofungwa ndani ya vitone vya mafuta) ikifuatwa na flusitosini na flukonazoli kwa wiki mbili. Kwa kila mgonjwa wa kundi hili tunaandika alichopaswa kupewa na alichopewa. Safu hizo mbili hazilingani mara nyingi kama tunavyotaka, na ndizo tutakazozipeleka kwa wanaopanga manunuzi.

Julai

Tumejadili kama mradi uingie kwenye mazingira. Aspergillus fumigatus, ukungu unaoweza kushambulia mapafu, huishi kwenye udongo na majani yanayooza, na dawa za kundi la azoli, kama flukonazoli na vorikonazoli, tunazompa mgonjwa ni ndugu wa karibu wa dawa zinazopigwa mashambani dhidi ya kutu ya kahawa na magonjwa ya maua. Kimelea kikizoea dawa ya shambani huweza kumfikia mtu kwa hewa tu, kikiwa na usugu wake, hata kama mtu huyo hajawahi kumeza azoli maishani. Kwamba hali hiyo ipo nchini kulishaonyeshwa mwaka 2014, pale watafiti walipochapisha taarifa za Aspergillus fumigatus wa mazingira ya Tanzania wenye mabadiliko ya vinasaba yanayojulikana kwa majina ya TR34/L98H na TR46/Y121F/T289A, yaleyale yaliyowahi kuelezwa Ulaya na kuhusishwa na dawa za kilimo.

Mtu anayeishi kati ya mashamba ya kahawa ya Kibosho na mabanda ya maua ya Usa River hawezi kulisoma jambo hilo kama habari ya mbali. Hata hivyo nimeshauri tusichukue udongo mwaka huu, na wenzangu wamekubali. Kazi hiyo inahitaji maofisa wa kilimo na wataalamu wa mimea tangu siku ya kupanga, na sisi bado hatujawa na uwezo wa kupima usugu wa ukungu kwa kiwango cha kuaminika. Tumeandika barua ya mwaliko kwa upande wa kilimo. Kwa sasa tunahifadhi kila Aspergillus inayotoka kwenye makohozi na kwenye mapafu ya wagonjwa waliowahi kuugua kifua kikuu, ili siku uwezo utakapofika isitulazimu kuanza upya.

Agosti

Taarifa ya nusu mwaka inaandaliwa, na mjadala wetu mkubwa umekuwa juu ya jedwali la kwanza.

Takwimu zinaingizwa kwenye WHONET, programu ya bure inayotumiwa na maabara nyingi duniani. Mgonjwa mmoja huhesabiwa mara moja kwa kila spishi, kimelea chake cha kwanza tu, la sivyo yule anayeoteshwa damu kila siku angeonekana kama mlipuko. Sampuli za mkojo na za kohoo tumezitenga, kwa kuwa Candida kwenye mkojo wa mtu mwenye mpira wa mkojo mara nyingi ni mkaazi tu, na kuichanganya na ya kwenye damu kungetupa picha isiyo ya kweli.

Candida albicans bado ndiyo inayoongoza, kama tulivyotarajia, lakini tropicalis, parapsilosis na glabrata kwa pamoja zinachukua sehemu kubwa kuliko madaktari wetu walivyodhani, na usugu wa flukonazoli umejikusanya zaidi huko. Candida auris haijapatikana.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyoleta mjadala. Kuna waliotaka iwekwe mwanzoni mwa taarifa kwa herufi nzito, kwa kuwa ni habari njema. Msimamo wangu, ambao nimeuandika na kuuwekea saini, ni kwamba isitoke hata mara moja ikiwa peke yake. Mahali popote itakapoandikwa, safu inayofuata lazima ionyeshe idadi ya chupa zilizochukuliwa katika kila wodi kwa kila siku elfu moja za vitanda, sehemu ya chupa zilizokuwa na damu ya kutosha, na sehemu ya chachu zilizofikishwa kwenye spishi. Wodi ambayo haikuchukua damu itaonekana haina fangasi, na mtu wa wizarani au wa hospitali nyingine akisoma sifuri yetu bila kuijua idadi ya chupa zetu, ataichukua kama ushahidi wa usalama na kupeleka fedha kwingine. Mwakilishi wa uongozi alisita kwa sababu safu hizo zinaonyesha wodi moja ikiwa nyuma sana katika kuchukua damu. Tumekubaliana kwamba wodi zitawekewa herufi badala ya majina kwenye taarifa inayotoka nje, na kwamba ile iliyo nyuma itaongezewa muuguzi wa zamu ya usiku aliyefunzwa kuchukua sampuli, maana ni usiku ndipo homa zake nyingi zinapoandikwa na chupa zake chache zinapojazwa.

Yanayofuata Septemba ni haya: vimelea vyote vilivyohifadhiwa kwenye friza ya nyuzi 70 chini ya sifuri vitapandwa upya kuhakikisha viko hai, fungu la kwanza litasafirishwa kwenda maabara ya rejea kwa kipimo cha amfoterisini B na ekinokandini, na mafunzo ya kusoma pleti yatafanyika kwa wateknolojia watakaotoka hospitali za Same, Rombo na Hai. Kila mmoja ameombwa aje na daftari la damu la maabara yake la mwaka uliopita, pamoja na chupa moja tupu ya aina wanayoitumia, ili tuanze kwa kuipima uzito.